Rudi na Kadi Yako, na Umtaje Paka

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kuishi na paka. Lamu wanalala juu ya baraza za mawe wakingoja wavuvi warudi. Unguja wanazunguka soko la Darajani na kusogea karibu pale samaki wanapopigwa mnada. Mombasa, Tanga na Bagamoyo kila mtaa una wake, wasio na mwenyewe lakini wanalishwa na kila mtu. Wanapunguza panya, wanamliwaza mzee aliyebaki peke yake nyumbani, na katika nyumba nyingi za Waislamu wanatunzwa kwa kumkumbuka Abu Huraira, sahaba aliyepata jina hilo kwa sababu ya paka wake mdogo. Siandiki haya ili mtu amfukuze paka wake. Ninaandika juu yetu sisi, na juu ya yale tunayoyafanya, au tusiyoyafanya, baada ya paka kutuuma au kutuparura.

Siku ya kwanza huwa tunajitahidi. Mtoto analia, damu imeonekana, mama anatafuta sabuni, jirani anaita bodaboda, na jioni mtoto amesharudi na sindano yake ya kwanza mkononi. Mambo huharibika siku zinazofuata. Kidonda kinakauka, mtoto anacheza na wenzake, nauli inaingia kwenye unga, na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi inapita bila mtu kuitaja. Wakati mwingine mkwaruzo wenyewe ulikuwa mdogo, haukupelekwa popote. Wiki tatu baadaye tezi inavimba kwapani, na mgonjwa anamsimulia daktari kila kitu isipokuwa paka.

Ninawaomba mambo mawili tu, na yote mawili yanawezekana kwa mtu yeyote. Rudini tarehe mliyopewa. Na mkiwa mbele ya daktari, mtajeni paka, hata kama mnaona hahusiki.

Nianze na ugonjwa unaotisha kuliko yote, ingawa sio unaotokea mara nyingi. Watu wengi wanaamini kichaa cha mbwa hutoka kwa mbwa peke yake. Ni kweli kwamba mbwa ndio wanaowaambukiza binadamu karibu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu, hadi 99 katika kila 100. Lakini paka naye, akiumwa na mbwa au mnyama wa mwituni mwenye virusi, huugua vilevile, na mate yake huweza kumwambukiza mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, karibu wote wakiwa Afrika na Asia, na kwamba katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Ni watoto wetu hawa hawa wanaomfuata paka uvunguni ili wamtoe kwa nguvu.

Dalili zikishaanza, tiba haipo tena. Karibu kila anayefika hapo hufa. Kabla ya dalili, chanjo ikitolewa mapema na kwa ukamilifu humkinga mtu vizuri sana. Na kati ya kuumwa na dalili kwa kawaida hupita miezi miwili au mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja, na inaweza kuwa mwaka. Katika muda huo mgonjwa hasikii chochote. Anakula, anafanya kazi, anacheka. Huo ndio muda ambao chanjo inaufundisha mwili kupambana na virusi kabla havijafika kwenye ubongo, na ndio muda ambao familia nyingi huacha kurudi hospitali kwa sababu mtoto ameonekana mzima. Kuonekana mzima hakumwambii mtu yeyote kitu kuhusu kichaa cha mbwa. Ninaomba jambo hili lisemwe kwenye kila nyumba yenye watoto.

Kazi ya kwanza inafanyika nyumbani, pale pale bombani au kwa kata na ndoo. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, nyingi kuliko unavyodhani, hivyo tazama saa. Sabuni ya kufulia inatosha, kwa kuwa virusi hivi vina ganda la mafuta ambalo sabuni hulivunja. Usipake binzari, usimwagie mafuta ya taa, usifukie kwa majivu wala unga wa kahawa. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Paka akikulamba kwenye ngozi isiyo na mchubuko wowote, huhitaji chanjo. Akikuparura hata bila damu kutoka, unaihitaji. Na meno au kucha zikitoboa ngozi, au mate yakiingia kwenye kidonda, jichoni au mdomoni, pamoja na chanjo unahitaji kingamwili inayodungwa ndani ya jeraha lenyewe na kulizunguka. Kingamwili hiyo haipatikani kila kituo. Hutolewa siku ya kwanza, na ikikosekana bado inaweza kutolewa hadi siku ya saba tangu chanjo ya kwanza. Baada ya hapo haitolewi tena. Kwa hiyo ukipewa karatasi ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa au ya kaunti, usiiweke kwenye mkoba ukingoja mwisho wa mwezi.

Ratiba ya sindano hutegemea namna kituo chako kinavyochoma. Ikichomwa ndani ya ngozi, ratiba fupi iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 ni siku ya 0, ya 3 na ya 7. Ikichomwa kwenye msuli, safari zinaweza kuwa nyingi zaidi, na ya mwisho huangukia kati ya wiki ya pili na ya nne. Fuata kadi yako, usifuate ya jirani aliyeumwa mwaka jana. Hapa pia kuna kosa dogo linalopoteza watu wengi, nalo ni hesabu ya siku. Siku ya sindano ya kwanza haihesabiwi kuwa ya kwanza, inaitwa sifuri. Ukichomwa Jumatatu, siku ya tatu ni Alhamisi, na ya saba ni Jumatatu inayofuata. Mwambie muuguzi akuandikie jina la siku pamoja na tarehe, kisha msomee kwa sauti mbele yake kabla hujaondoka.

Wazee wetu wengi bado wanaogopa sindano za kitovuni, zile nyingi zilizokuwa zikichomwa tumboni siku baada ya siku. Walioziona wana haki ya kuogopa. Chanjo ile ya zamani, iliyotengenezwa kutokana na tishu za mishipa ya fahamu za wanyama, Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuzitaka nchi ziachane nayo. Chanjo ya leo huchomwa begani, na kwa mtoto mdogo pajani. Ukimsikia bibi akimtisha mjukuu kwa habari za kitovuni, mweleze kwa upole kwamba mambo yamebadilika.

Mtu wa kwanza kutibiwa kwa chanjo ya Louis Pasteur dhidi ya ugonjwa huu alikuwa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, mwezi Julai 1885. Aliumwa na mbwa huko Alsace, na mama yake akamsafirisha hadi Paris. Hakuchomwa sindano moja. Alichomwa 13 kwa muda wa siku kama 10, kila moja ikiwa na nguvu kuliko iliyotangulia, na aliishi hadi utu uzima. Tangu mtoto huyo, tiba hii imekuwa ya kurudiwa. Dozi ya kwanza huuamsha mwili, na zinazofuata ndizo zinazoujengea kinga ya kutosha. Ninapomfikiria mama yule, ninawaona akina mama wa huku wanaopanda daladala alfajiri kutoka Bumbwini au Msambweni wakiwa na mtoto mgongoni, na ninajua hawahitaji kuhubiriwa upendo. Wanahitaji kuambiwa wazi kwa nini safari ya tatu ina uzito ule ule wa safari ya kwanza.

Na paka mwenyewe? Msimuue. Kama ni paka anayejulikana na anaweza kukaa ndani, mlisheni na kumwangalia kwa siku 10. Paka aliyekuwa na virusi kwenye mate siku alipouma ataugua au kufa ndani ya siku hizo. Akibaki mzima, daktari anaweza kuamua kusimamisha sindano zilizobaki. Uamuzi huo ni wa daktari, tena mkiwa mmeshaanza chanjo. Hakuna anayeruhusiwa kukaa nyumbani siku 10 akimtazama paka na huku hajachomwa hata moja. Paka akifa au akianza kubadilika, akashambulia bila sababu, akatokwa na mate au akapooza, mjulisheni daktari wa mifugo mara moja, na msimshike kwa mikono mitupu. Kama ni paka wa mtaani aliyekimbia, hakuna wa kumwangalia: malizeni dozi zote.

Kuna mahali ambapo kurudi kumelipa. Kisiwani Pemba, chanjo ya mbwa iliyofanywa kwa kampeni zilizorudiwa iliutokomeza ugonjwa huu. Chanjo ilipolegea ukaingia tena kutoka nje, na chanjo iliporudishwa ukatokomezwa kwa mara nyingine. Kenya ina mpango wake wa kuumaliza kwa binadamu, ulioanza 2014 na kulenga 2030, mwaka ule ule uliowekwa na dunia nzima kwamba asife tena mtu kwa kuumwa na mbwa mwenye kichaa. Paka wanaofugwa wapelekwe nao siku ya chanjo ya mifugo inapotangazwa. Watu huwapeleka mbwa kwa kamba na kumwacha paka nyumbani kwa sababu anasumbua kubeba. Kikapu chenye mfuniko kinatosha.

Sasa nije kwenye mkono ulioumwa, maana maambukizi ya jeraha ndiyo yanayotokea mara nyingi na ndiyo tunayoyadharau. Jino la paka ni jembamba na kali kama sindano: linazama ndani na kuacha juu tundu dogo ambalo linajifunga upesi, na wadudu wanabaki wamefungiwa chini. Mmoja wao ni bakteria aitwaye Pasteurella multocida, ambaye huishi mdomoni mwa paka wengi wazima wala hawadhuru. Kati ya majeraha ya meno ya paka yanayofika hospitali, kiasi cha theluthi moja hadi nusu hupata maambukizi, na uvimbe unaweza kuanza kabla hazijatimia saa 24. Mkono ndio huumwa zaidi, na ndani ya mkono kano na viungo viko karibu sana na ngozi.

Ndiyo maana daktari mwangalifu atakwambia urudi kesho au kesho kutwa, hata kama huna homa. Vitabu vingi vinaeleza kwamba ngozi itakuwa nyekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu haujionyeshi kirahisi, hivyo tumia mkono mwingine kupima: ngozi imepata joto, imekaza na kung'aa, kidole kimekaa nusu kimekunjwa na kukinyoosha kunauma sana, maumivu yanapanda kuelekea kiwiko. Ukiona hivyo usingoje tarehe ya kadi, nenda saa hiyo. Usaha ukiingia kwenye ala ya kano unahitaji chumba cha upasuaji, na ukichelewa kidole hubaki kigumu. Kwa fundi cherehani, kwa msusi, kwa muuza samaki, kwa mwandishi wa hati ofisini, kidole kigumu ni riziki iliyopungua maisha yote. Wenye kisukari, ugonjwa wa ini au upungufu wa kinga mwilini wasisubiri hata dalili ya kwanza.

Msimlazimishe daktari ashone tundu la jino la paka mkononi. Mara nyingi huachwa wazi makusudi, ili uchafu upate njia ya kutoka. Na msijitibu kwa kapsuli zilizobaki kwenye kabati tangu mtoto alipougua koo. Kloksasilini na erithromaisini, ambazo wengi wetu tunazijua kwa majina, hazimwezi vizuri bakteria huyu. Dawa inayochaguliwa mara nyingi ni amoksilini iliyochanganywa na klavulanati, na hata hiyo ina siku zake za kumalizwa. Siku hiyo ulizeni pia kuhusu pepopunda. Akina mama wengi walichomwa sindano yake wakiwa wajawazito. Wanaume watu wazima ndio wanaosahaulika, na wengi wao hawajaongezewa kinga tangu walipokuwa watoto.

Nimefika kwenye tezi, na hapa ninaomba subira ya msomaji, kwa sababu hapa ndipo kumtaja paka kunapobadilisha safari nzima ya mgonjwa.

Kuna ugonjwa unaoitwa homa ya mparuro wa paka. Daktari Robert Debré wa Paris aliueleza mwaka 1950, lakini bakteria anayeusababisha, Bartonella henselae, hakutambuliwa hadi miaka ya 1990 ilipoanza. Paka huambukizana kwa viroboto. Kinyesi cha kiroboto kinabaki kwenye manyoya, kinaingia chini ya kucha, na paka akikuparura kinaingia kwenye ngozi yako. Paka wadogo, wale wanaochezewa zaidi na watoto, ndio hubeba bakteria huyu mara nyingi, na wenyewe huonekana wazima kabisa. Siku 3 hadi 10 baadaye hutokea kipele mahali palipoparurwa. Wiki moja hadi tatu baada ya hapo, tezi iliyo karibu inavimba: ya kwapani kama ni mkono, ya shingoni kama ni uso. Kwa wakati huo mkwaruzo umeshapona na umesahaulika.

Hapa kwetu tezi iliyovimba shingoni inaleta hofu mbili nyumbani, kifua kikuu na saratani, na hofu hizo zina msingi. Kifua kikuu cha tezi kipo kwa wingi na lazima kipimwe; sisemi mtu yeyote akatae kipimo kwa sababu anafuga paka. Ninachosema ni kwamba daktari aliyeambiwa habari za paka ana jambo jingine la kulifikiria. Ataangalia mkono atafute alama ya kipele, atapapasa ini na wengu, atapima tezi kwa tepu na kuandika ukubwa wake, kisha atakupa tarehe ya kurudi. Tarehe hiyo ni sehemu ya kipimo chenyewe. Kwa mtu mwenye kinga nzuri, tezi ya mparuro wa paka kwa kawaida hupungua yenyewe ndani ya miezi miwili hadi minne, pengine kwa msaada wa azithromaisini ya siku 5. Tezi inayokua, inayofuatana na kutokwa jasho usiku, kukonda au homa isiyokwisha, inadai uchunguzi zaidi. Daktari hawezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili kama amekuona mara moja tu. Mgonjwa asiyerudi humwachia daktari kubahatisha, na yeye mwenyewe anaishi miezi kadhaa akijiuliza kama ana saratani.

Wako ambao kwao haifai kungoja. Mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi, hasa kama kinga yake imeshuka, anaweza kupata kwa bakteria huyo huyo vivimbe vyekundu au vya zambarau kwenye ngozi vinavyofanana sana na saratani ya Kaposi. Tofauti ni kwamba vivimbe hivi hutibika kwa antibayotiki. Ndugu yangu uliye kwenye dawa, ukiona uvimbe wa namna hiyo na nyumbani kuna paka, sema kliniki kabla hujakata tamaa. Mwenye vali za moyo zilizoharibika, pengine kutokana na homa ya baridi yabisi utotoni, akipata homa ya muda mrefu isiyoonekana chanzo, naye amtaje paka. Bakteria huyu huweza kukaa kwenye vali na haoti kirahisi kwenye vipimo vya kawaida vya damu. Na yeyote ambaye jicho lake moja linafifia wiki kadhaa baada ya kuparurwa, aende kwa daktari wa macho siku hiyo.

Wajawazito wamesikia mengi kuhusu paka, na mengine yamewatia hofu kupita kiasi. Vimelea vya toksoplasma, vilivyotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1908 huko Tunis, hutolewa na paka kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu, hasa anapoambukizwa kwa mara ya kwanza. Kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo. Vimelea huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Kwa hiyo sanduku la mchanga likisafishwa kila siku, tena na mtu mwingine katika nyumba, hatari hupungua sana. Na njia nyingine za kuambukizwa hazimhusu paka aliyelala sebuleni: nyama isiyoiva vizuri, kachumbari isiyooshwa, udongo wa bustani chini ya kucha. Hakuna haja ya kumtupa paka. Kuna haja ya kumwambia mkunga kliniki kwamba nyumbani mna paka, na kama kipimo cha damu kimeleta mashaka, kurudi kwa kipimo cha pili, kwa kuwa mara nyingi ni tofauti kati ya viwili hivyo inayoonyesha kama maambukizi ni ya zamani au ya sasa. Mtoto aliyezaliwa na maambukizi hayo anaweza kuonekana hana tatizo siku ya kuzaliwa, kisha macho yakamsumbua miaka baadaye. Kliniki yake ya macho haikomi anapofikisha mwaka mmoja.

Mapunye nayo nisiyaache. Si yote yanayotoka kwa paka. Mengi watoto huambukizana wenyewe. Lakini paka mdogo mwenye mabaka yaliyonyonyoka manyoya ni chanzo kimojawapo, na mapunye ya kichwani hayaishi kwa krimu ya kupaka peke yake. Yanahitaji dawa ya kumeza kwa wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi. Wiki ya tatu nywele zinaanza kuota, mzazi anafurahi na kuacha, na mwezi unaofuata mabaka yanarudi. Wenye pumu inayochochewa na paka nao wasikomee kwenye pampu ya dharura. Warudi wapangiwe dawa ya kila siku.

Nikiwauliza watu kwa nini hawarudi, sisikii uvivu. Ninasikia nauli. Ninasikia kibarua kinachokatwa siku nzima kwa asubuhi moja ya foleni. Ninasikia mtu aliyekwenda akakuta chanjo imekwisha, akaambiwa arudi bila kuambiwa lini, au aliyejibiwa kwa ukali dirishani akaapa hatarudi. Haya si ya mgonjwa peke yake kuyabeba.

Kwa hiyo ninawageukia wengine. Wanachama wa VICOBA na wa vyama vya akina mama: mfuko wenu wa jamii unasaidia misiba na uzazi, na mnafanya vizuri. Wekeni humo nauli ya mtoto aliyeumwa, ya safari zote za ratiba, itolewe siku ya kwanza ili safari ya tatu isianze kutafutiwa fedha upya. Waajiri, wenye mashamba, wenye hoteli, wenye nyumba mlioajiri wasaidizi: mfanyakazi akikuonyesha kadi yenye tarehe, mpe ruhusa bila kumkata siku. Mara nyingi ni paka wa nyumba yako aliyemuuma. Walimu wa shule na wa madrasa, mnawaona watoto hawa kila siku kuliko mtu yeyote. Mtoto akija na bandeji, muulize ameumwa na nini, na mkumbushe mzazi tarehe inayofuata. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mnapopita nyumba kwa nyumba, ombeni kuona kadi.

Na ninyi wauguzi na madaktari, ambao najua mnavyochoka: ongezeni swali moja mnapoona tezi, homa isiyoeleweka au mkono uliovimba. "Nyumbani kuna paka?" Linachukua pumzi moja. Mwandikieni mgonjwa namba ya simu ya kituo, ili apige kabla ya kupanda gari kuuliza kama chanjo ipo. Chanjo ikiwa imekwisha, mwelekezeni kituo kingine kwa jina, siku hiyo hiyo.

Sasa nazungumza na wewe uliyekatisha. Umechomwa mara moja au mbili, tarehe imepita, na unaona aibu kurudi kwa sababu utaulizwa ulikuwa wapi. Au umejiambia kwamba kwa kuwa umechelewa, zile za kwanza zimepotea na itabidi uanze upya na huna fedha. Hazijapotea. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inasema dozi ikichelewa, ratiba inaendelezwa pale ilipoishia, haianzwi tena. Nenda kesho asubuhi na kadi hiyo hiyo. Kama imechanika au imepotea, nenda bila kadi, taja tarehe unazozikumbuka na kituo ulichochomwa, wataitafuta kwenye daftari lao. Kama hujui la kusema dirishani, sema tu: niliumwa na paka, nilianza chanjo, sikumaliza, nimekuja kuendelea.